Mi namlaumu Manley, sio Bustamante

Mhariri, swali lenu la wiki hii, muungano gani uliokufa unakuuma zaidi na nani alaumiwe, najua wengi watawaandikia habari za Senegambia au ile ndoto yetu ya shirikisho la Afrika Mashariki ya 1963. Mi nawapeleka mbali kidogo, Karibi, kwenye Shirikisho la West Indies. Makoloni kumi ya Mwingereza, Jamaika, Trinidad na Tobago, Barbados na vile vidogo vidogo kina Grenada, Dominika, Montserrat, yakaunganishwa Januari 1958 ili yaende kwenye uhuru kama nchi moja, na ilipofika Mei 1962 kitu kimeshakufa, uhuru wenyewe hakijauona.

Watu wakisimulia hii habari wanamshika Alexander Bustamante, kiongozi wa upinzani wa Jamaika, kwamba ndo aliyepiga kampeni ya kujitoa. Sawa, alipiga, ila mwenzenu naona mwenye kesi ni Norman Manley, aliyekuwa anaongoza serikali ya Jamaika, na kinachochekesha ni kwamba hao wawili ni mtu na binamu yake, yaani siasa za Jamaika zote zilikuwa kama kikao cha ukoo.

Angalia alichofanya Manley. Yeye ndo alikuwa kiongozi wa chama kilichoshinda uchaguzi wa shirikisho wa Machi 1958, kila mtu anategemea awe waziri mkuu, halafu jamaa hakugombea kabisa, kabaki zake Kingston na serikali yake ya kisiwa, na Eric Williams wa Trinidad naye hivyo hivyo kabaki kwake, kwa hiyo kiti kikaenda kwa Grantley Adams wa Barbados, mzee mwenye heshima zake lakini anawaongoza watu ambao mabosi wao wa kweli hawapo bungeni. Sasa mwananchi wa kawaida ataelewaje hapo? Kama wakubwa wenyewe hawataki kuhamia kwenye hiyo nyumba, we kwa nini uhamie? Na wapiga kura walijibu palepale, Jamaika chama cha Manley kiliambulia viti 5 tu kati ya 17, Trinidad nako upande wa Williams ukapigwa, ni visiwa vidogo ndo vilivyowabeba.

Serikali yenyewe ilikuwa haina meno. Miaka mitano ya mwanzo ilikatazwa kutoza kodi ya mapato, inaishi kwa michango ya visiwa, na mji mkuu waliouchagua, Chaguaramas kule Trinidad, ulikuwa umekaliwa na kambi ya jeshi la majini la Marekani tangu enzi za vita ya pili, kwa hiyo wakajibanza Port of Spain wakisubiri Mmarekani aondoke. Williams aliandamana na watu wake Aprili 1960 kuidai. Adams naye, mwaka ule wa kwanza wa shirikisho, alikuwa ameropoka kwamba kodi ikija inaweza kutozwa ya kurudi nyuma, yaani hata kwa miaka iliyokwisha pita, weee, Jamaika ikawaka moto, maana wao ndo walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote wa shirikisho na viwanda vyao vilikuwa ndo kwanza vinachipua.

Lakini kilichoua hasa mi naona ni Januari 1960. Manley akafunga safari hadi London kuuliza kama Jamaika inaweza kupata uhuru peke yake, akaambiwa inawezekana. Jamani, ukishajua unaweza kufika mwenyewe, shirikisho la nini tena? Mwaka huo huo Nyerere alikuwa anasema yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili tuingie kwenye shirikisho pamoja na Kenya na Uganda. Haikuwa, najua, ila walau unaona mtu aliyekuwa tayari kulipa kitu.

Halafu Mei 1960 kukawa na uchaguzi mdogo wa kiti cha shirikisho kule St Thomas, Jamaika. Bustamante akasema chama chake hakisimamishi mtu, hataki tena shirikisho. Hapo Manley angenyamaza tu, sheria haikumlazimisha chochote, yeye akatangaza kura ya maoni! Alijiamini mno. Akasubiri zaidi ya mwaka, ikapigwa 19 Septemba 1961, asilimia 54 wakasema tunatoka, tofauti kama kura 39,000 hivi. Miezi saba baadaye akapoteza na uchaguzi wa nyumbani, kwa hiyo Agosti 1962 Jamaika inapata uhuru, waziri mkuu ni nani? Binamu.

Williams namuweka wa pili. Yeye alitoa ile hesabu yake maarufu kwamba kumi ukitoa moja inabaki sifuri, akaondoka na Trinidad yake, uhuru mwezi huo huo wa Agosti, akawaachia wenzake wanane ambao hawakupiga kura yoyote ya kutoka. Mchumi Arthur Lewis, mtu wa Saint Lucia, alihangaika kuwashikiza hao wanane wabaki pamoja, wapi, Barbados ikajitegemea 1966, wengine wakafuata mmoja mmoja hadi 1983, na Montserrat mpaka leo iko kwa Mwingereza.

Na wale watakaosema tatizo ni umbali, eti Jamaika na Trinidad zimeachana zaidi ya kilomita 1,600 za bahari, basi waniambie mbona timu ya kriketi ni moja, na mbona chuo kikuu kilichoanzia Mona, Jamaika, 1948 ni kimoja, tena tawi lake la Barbados lilifunguliwa 1963, shirikisho likiwa limeshafutwa mwaka mzima.