Kentrosaurus wako na ule mbuyu

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Upepo wa msimu huu umehamishia vumbi lote la Nkuhungu hapa Dodoma sebuleni kwetu na mama yako anafuta meza asubuhi na jioni, ila afya tunayo. Picha uliyonirushia niliipata, na ule ujumbe wake nikaona si wa kujibiwa kwa vidole viwili kwenye simu.

Ulisema mwenzako wa ofisini hapo Arusha aliutazama mchoro wako wa Kentrosaurus, yule dinosaria wa miiba, akakuambia, "Dada, huyo mnyama nani amemwona? Hapo si unatunga tu?" Ukaniuliza kama ana haki, sisi wawili tumekuwa tunachora nini miaka yote hii, na kama mhasibu mzima anafaa kumaliza Jumamosi yake akichora dinosaria.

La mwisho ni jepesi. Mimi nimekula mshahara wa serikali mpaka nikastaafu kwa kuchora vitu ambavyo hakuna aliyeviona. Ramani ya jiolojia ni nini kingine? Wataalamu wanarudi kutoka porini na sampuli za mawe, vipimo vya mwinamo wa tabaka na taarifa za mashimo machache yaliyochorongwa, halafu wewe mchoraji unakaa mezani na kalamu yako ya Rotring unaonyesha kilichoko chini ya ardhi. Pale mwamba ulipoonekana kwa macho, unavuta mstari mzima. Pale tunapokisia, unavuta mstari wa kukatika. Anayeisoma ramani anajua hapohapo wapi akanyage kwa uhakika na wapi aende kwa tahadhari. Sijawahi kusikia mhandisi akisema ramani ile ni hadithi.

Dinosaria naye huchorwa hivyohivyo. Mwenzako ana haki nusu: sehemu fulani unatunga. Kosa lingekuwa kutojua ni sehemu ipi. Wapo wachoraji wanaovuta mstari mzima kila mahali, na wapo, tena ndio wengi, wanaodhani mnyama mzima ni wa kukatika na kwa hiyo kila mtu achore apendavyo.

Tumchukue huyu wako. Kentrosaurus ana mstari mzima karibu mwili wote wa mifupa. Alichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, na msafara wa jumba la makumbusho la Berlin uliofanya kazi pale kati ya 1909 na 1913, na mtaalamu Edwin Hennig akampa jina mwaka 1915. Urefu wake ni kama mita nne na nusu. Vibamba vya shingoni na mbele ya mgongo ni vidogo na bapa, vikifika katikati ya mgongo vinaanza kurefuka na kuchongoka, na kuanzia kiunoni kwenda mkiani vimekuwa miiba kamili, miwili miwili. Hapo umepatia. Miguu ya mbele mifupi kuliko ya nyuma, kichwa kikainama karibu na ardhi, hapo pia umepatia. Mkia umeuinua usiburute, nami nakubaliana nawe, maana nyayo za dinosaria zilizogeuka jiwe duniani kote ni nadra kukutwa na mfereji wa mkia nyuma yake.

Ule mwiba mkubwa wa pembeni ndio umenifanya nivue miwani. Umeuweka kwenye nyonga. Najua umeutoa wapi, vitabu vingi vya zamani vinauweka hapo, maana wachimbaji waliukuta umejitenga na mwili, na ilibidi mtu aamue unakaa wapi. Baadaye China wakachimbwa ndugu zake wa karibu wakiwa na mwiba wa namna hiyo begani, na wataalamu wakauhamishia bega la Kentrosaurus pia. Kwa hiyo futa, peleka mbele, uelekeze ncha nyuma na nje. Mnyama atabadilika sura kabisa, utaona. Adui akimjia ubavuni anakutana na bega lenye mkuki, na akizunguka nyuma anakutana na mkia.

Na yule Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu, uliyemsimamisha kule nyuma umempa kucha za tembo. Mguu wake wa mbele una ukucha mmoja tu, wa kidole gumba. Vidole vingine vinasimama kama nguzo, havina kucha wala kwato. Ni kosa la karibu kila mtu, basi tu.

Sasa rangi. Hapa ni mstari wa kukatika mwanzo hadi mwisho na mwenzako angekuwa na la kusema, kama asingeishia kwenye dharau. Rangi za dinosaria si siri zote siku hizi. Mwaka 2010 watafiti walichunguza manyoya ya Sinosauropteryx, dinosaria mdogo wa China, wakakuta vifuko vidogo mno vya rangi vilivyohifadhiwa ndani yake, na kwa umbo la vifuko hivyo wakajua kwamba mkia wake ulikuwa na pete za rangi ya kutu na nyeupe. Kentrosaurus hajatupa zawadi hiyo. Umempaka mistari ya khanga, nyeusi na nyekundu, na mama yako amecheka mpaka akaita jirani. Mimi sijacheka. Nungunungu ni mweusi kwa mweupe, anaonekana hata gizani, na hajali, kwa sababu amebeba silaha na anataka ujue. Mnyama mwenye miiba mpaka mkiani anaweza kujitangaza. Ningepunguza nyekundu kidogo tu, lakini hayo ni macho yangu, mchoro ni wako.

Kisha tukafika kwenye mbuyu.

Mwanangu, mbuyu! Na nyasi zimefika magotini kama njia ya Manyoni mwezi wa tatu. Miaka milioni 150 iliyopita Tendaguru ilikuwa pwani, yenye maji ya bahari yanayoingia na kutoka kwenye vidimbwi vikubwa, na ndiyo maana tabaka nyingine pale zina makombe ya baharini. Nyuma yake kulikuwa na misitu ya miti ya jamii ya misonobari, chini kangaga. Nyasi hazikuwapo. Ua halikuwapo. Mbuyu ni mti wa maua, na miti ya maua ilikuwa bado haijaanza kuonekana. Hapo huwezi kusema unakisia, hapo ushahidi umeshasema.

Lakini sitaki uukate mbuyu wako, maana naujua ulikotoka. Unakumbuka ile michoro yako ya manila, Giraffatitan anakula zabibu za watu kule Hombolo huku mwenye shamba amepiga magoti? Na yule dinosaria Elaphrosaurus, konda wa daladala, ananing'inia mlangoni akiita "Majengo, Majengo, mbili mbele"? Hiyo ni michoro ya shabiki, na shabiki ana uhuru wake. Anamchukua mnyama anayempenda na kumleta nyumbani, anamvika, anamlisha, anampandisha basi. Mbuyu ukae huko. Wapandishe wote wawili kilimani Mlimwa wakitazama Bunge, sina neno. Ninachokuomba ni kuwa na karatasi mbili. Moja ya mnyama alivyoishi, nyingine ya mnyama unavyompenda. Huyu wa sasa umemsimamisha mguu mmoja huku na mmoja kule, ndiyo maana mtu alipokuuliza ulikosa jibu.

Nawe hukuanza kwa kutunga. Ulipokuwa darasa la nne uliichimba ile ardhi nyuma ya banda la kuku ukitafuta mifupa ya dinosaria, nami nikakueleza mapema kwamba Dodoma hutaipata. Miamba hii mikubwa inayotuzunguka ni granite, uji wa moto uliopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, muda mrefu mno kabla ya mnyama yeyote kuwa na mfupa. Ukitaka kisukuku unahitaji tope na mchanga vilivyotulia juu ya mzoga na kugeuka mwamba: Lindi, bonde la Ruhuhu kule Ruvuma, Songwe. Hukunisikiliza, ukaendelea kuchimba, na ukaibuka na taya la mbuzi.

Lile taya ndilo lililokufundisha kuchora, si mimi. Uliliosha kwa Omo, ukaliweka mezani, ukalichora kwa HB upande wa nje, kisha upande wa ndani. Ukaona magego yamesagika kwa mshazari. Ukaona mbele kuna pengo lisilo na meno, ukaniuliza linafaa nini. Ukaona kona ya nyuma ya taya ni pana na ina mikwaruzo, nami nikakupeleka buchani Majengo ukauone msuli unaokaa pale, ule mnene wa shavuni. Kisha nikakupa karatasi ya kufuatisha kutoka kwenye mabaki yangu ya kazini. Ukaiweka juu ya mchoro wa mfupa ukachora msuli, ukaweka nyingine juu yake ukachora ngozi, na tulipozifunua moja moja mama yako akasema, "Kumbe ndivyo Mungu anavyomshona mbuzi." Hiyo ndiyo kazi nzima ya wanaochora wanyama waliotoweka, na ulikuwa na miaka kumi. Kwa dinosaria unaongeza kuku, kwa kuwa kuku ni mzao wa ukoo ule. Yale magamba ya miguuni na kile kimfupa cha kifuani chenye umbo la V, Tyrannosaurus pia alikuwa nacho. Usile kuku bila kumtazama.

Kuhusu "nani amemwona", mkumbushe mwenzako Kolo. Waliochora kwenye yale mapango ya Kondoa, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, waliwaona tembo, pofu na twiga kwa macho yao kila siku. Hata hivyo watu wamewavuta wakawa warefu kama fito, na vichwa wamevivimbisha. Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alikaa huko mwaka 1951 akizifuatisha picha hizo moja baada ya nyingine. Kuona kwa macho hakukuwafunga kuchora kilichopo tu. Kwa hiyo asidhani kwamba aliyemwona mnyama hatungi.

Ila lipo jambo moja la Tendaguru ambalo macho ya watu yaliliona na wewe hujalichora bado. Mifupa ile, zaidi ya tani 200, haikwenda Lindi kwa gari. Ilibebwa na wapagazi, kichwani na kwa miti mabegani, siku kadhaa za kutembea mpaka bandarini. Mamia ya watu walichimba. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi na fundi wa kuitoa mifupa kwenye mwamba. Mohammadi Keranje aliongoza uchimbaji wa mkia ambao mwaka 2019, zaidi ya miaka mia baadaye, ulipewa jina Wamweracaudia keranjei, kwa heshima yake na ya Wamwera. Picha za wakati ule zipo. Giraffatitan amesimama Berlin mita 13.27, na sisi tunamchora kwa kutazama picha zilizopigwa huko. Kama arudi au asirudi, suala hilo limeshafika mpaka Bungeni hapa kwetu, nami nina msimamo wangu ambao mama yako amechoka kuusikia. Lakini foleni ile ya wapagazi, mfupa wa paja umefungwa kwenye miti na watu wako chini yake, hiyo ningependa kuiona kwa mkono wako. Mstari mzima, bila kukatika.

Mwisho ni huyo aliyekuuliza bei ya kuchora ukuta wa shule ya awali. Mwulize kwanza anataka dinosaria wepi. Kama ni wale wa kwenye filamu, wenye sura na majina yaliyobuniwa na studio, wale wana wenyewe. Kuwachora kwa mapenzi na kumwonyesha rafiki ni jambo moja, kuwatoza watu pesa ni jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999. Ukitaka uhakika waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kupokea malipo ya awali. Kentrosaurus mwenyewe hana mwenyewe. Ila mchoro wa mwingine wa Kentrosaurus una mwenyewe, kwa hiyo usiufuatishe, anza na mifupa. Bei usiseme ya kirafiki. Hesabu rangi, ngazi ya kukodi na siku zako, wewe si ndiye mhasibu?

Desemba ukija kwa basi la Babati, shuka Kolo nami nitakuwa nimefika kutoka huku, tupande mlimani kabla jua halijawa kali. Beba penseli za 2B, pakiti mbili. Hizi zinazouzwa mjini siku hizi ncha zinavunjika ukiwa bado unachonga.

Mama yako anakusalimu, anasema Kentrosaurus wa khanga umtumie tena, mkubwa, anataka kumwonyesha shangazi yako.

Baba yako