Jibu: Mshahara wa sista unaenda wapi?

Tumsifu Yesu Kristo, mama. Umeuliza kama binti yako nesi akiingia utawani mshahara wake ataula nani, na kama ndiyo amefungwa maisha.

La pili ni jepesi. Hakuna anayefungwa ghafla. Unovisi pekee, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, si chini ya miezi 12, kisha nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua 3, ndipo zije za daima. Nadhiri za muda zikiisha, yuko huru kuondoka.

Mshahara sasa. Kwa sheria ya Kanisa, anachokipata mtawa kwa kazi yake ni mali ya shirika. Akitaka nauli anamwomba mkuu wa jumuiya, na akirudi anakabidhi chenji na hesabu. Najua inauma kwa mzazi aliyesomesha. Lakini fedha hiyo haipotei: inalisha wanovisi, inatunza masista wazee wasiojiweza, inaendesha shule na zahanati. Tazama masista Wabenediktini wa Chipole kule Songea: wana kituo cha umeme wa maji cha Tulila, megawati 5, kwenye Mto Ruvuma. Wanawake waliokula nadhiri ya ufukara! Mimi hilo hunigusa sana, kwamba mtu hamiliki kitu lakini kijiji kizima kinawasha taa.

Msaada wa kila mwezi usiutegemee. Ukiuguliwa, mashirika mengi humruhusu aje, ila kila shirika lina katiba yake; muulize mlezi wa miito, yaani sista anayewaongoza wanaotaka kujiunga, kabla binti hajafunga sanduku.