Maswali Yenu: Kompyuta na Kumbukumbu za Ukoo

SWALI: Shikamooni. Ninaandika orodha ya ukoo wetu kwenye Excel ili tuigawe Desemba, watu wakirudi nyumbani. Nikiipanga kwa tarehe ya kuzaliwa, wazee wa mwanzo wanaangukia chini kabisa, baada ya wajukuu. Babu mmoja ametokea kuwa wa 2028! Nimekosea wapi?
Msomaji, Old Moshi

JIBU: Marahaba. Excel huhesabu tarehe kuanzia 1 Januari 1900. Ukiandika 14/3/1897 haiitambui, inaihifadhi kama maneno, na katika kupanga maneno huja baada ya namba. Ndiyo maana wazee wako wamezama. Kama hujagusa mpangilio wa seli, utawabaini kwa macho tu: tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa seli, iliyogeuka maneno hukaa kushoto.

Babu wa 2028 ana tatizo jingine. Bila shaka uliandika mwaka kwa tarakimu mbili, 12/5/28. Kwa kawaida Excel husoma 00 hadi 29 kuwa 2000 hadi 2029, na 30 hadi 99 kuwa 1930 hadi 1999. Andika mwaka mzima siku zote. Kagua pia kompyuta yenyewe: ikiwa imewekwa Kimarekani, mwezi hutangulia, na 5/12/1948 inakuwa 12 Mei bila onyo lolote. Kosa hili tunaliogopa kuliko mengine, kwa sababu halionekani.

Achana na safu moja ya tarehe. Weka safu tatu, za mwaka, mwezi na siku, zote namba tupu, kisha panga kwa mwaka kwanza. Usichokijua kiache wazi. Usijaze 1/1, maana atakayekuja baadaye ataisoma kama kweli. Safu ya nne iwe ya chanzo, na humo andika kama ulivyoambiwa: "cheti cha ubatizo", au "alikuwa anabebwa mgongoni Mangi Meli aliponyongwa". Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani 2 Machi 1900, kwa hiyo kwenye mwaka unaweza kuweka 1898, na pembeni uandike "takriban". Akitokea shangazi mwenye kumbukumbu bora, ataona ulikoitoa.

Hukuuliza hili, lakini ndilo litakaloiokoa orodha yako: mpe kila mtu namba isiyobadilika, halafu weka safu ya namba ya baba na ya namba ya mama. Uchagani mtoto hupewa jina la babu, hivyo jina lilelile hurudi kizazi baada ya kizazi, na majina peke yake yatawachanganya. Usitumie namba za mistari ya Excel, kwani zinabaki palepale ukipanga upya huku watu wakihama. Wala namba isifuate ukubwa wa mtu: ndugu aliyesahauliwa akipatikana, anachukua namba inayofuata, basi.

Majina ya zamani yaweke kama yalivyoandikwa, kwenye safu yake. Wajerumani waliandika Moschi na Dschagga, na jina la ukoo wenu huenda limepita mkono huohuo.

SWALI: Jarida la chama chetu cha ukoo lina kurasa 10 za A5, nakala 60. Steshenari wametutolea kurasa zimevurugika, na upande wa nyuma umepinduka kichwa chini.
Katibu, Arusha

JIBU: A4 moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa 4. Ongeza mbili zifike 12: moja ya hesabu za michango, moja ya waliotangulia mbele ya haki. Hizo ni karatasi 3 kwa nakala, 180 kwa zote. Rimu moja inatosha na kubaki.

Andika kwenye ukurasa wa A5 tangu mwanzo, maana ukibadilisha mwishoni picha zote zitahama. Peleka PDF, si faili la Word: kompyuta yao isipokuwa na fonti yako, mistari inasogea na ukurasa wa 12 unazaa wa 13. Wakati wa kuprinti wachague "Booklet", pande zote mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Wakigeuza kwa upande mrefu ndipo nyuma inapopinduka. Toeni nakala moja, mkunje, mhesabu kurasa, kisha ndiyo mtoe 59 zilizobaki.

Picha mziombe kwa WhatsApp kama dokumenti, kwani zikitumwa kawaida hubanwa. Picha ya upana wa pikseli 1200, ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, inatoka sentimita 10 tu. Ukiivuta zaidi, sura za watu zinaanza kufifia.

SWALI: Namba za simu za wanachama zinapoteza sufuri ya mbele.
Mweka hazina, Marangu

JIBU: Excel inazichukulia kama hesabu. Chagua safu nzima, iweke "Text", halafu ndipo uandike. Zilizokwisha kupoteza hazirudi kwa kubadilisha hivyo; kama ziko safu B, andika ="0"&B2 kwenye safu tupu ya pembeni, buruta hadi chini, kisha nakili na ubandike kwa "Values" kabla ya kufuta safu ya zamani.