Maswali ya Wasomaji: Je, Reaper wangepigika kwa mizinga tu?

SWALI: Mambo kaka, hongera kwa kazi. Nimemaliza magemu ya Mass Effect yote matatu mwezi huu na mwisho wake umeniacha na hasira. Muda wote tunaambiwa hao Reaper, yani zile mashine za kale zinazorudi kila baada ya miaka 50,000 kufyeka kila jamii iliyoendelea, hawashindiki bila ule mtambo wa Crucible, silaha kubwa inayojengwa kwenye gemu la tatu. Mbona mimi nimewaona wakifa kwa macho yangu? Sovereign kafa, wa sayari ya Rannoch kafa, wa sayari ya Tuchanka kaburutwa chini ya ardhi na yule mnyoo mkubwa Kalros. Sasa kama wanakufa, kwanini majeshi yote yasiungane tu wakawamaliza kwa mizinga? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Poa mdogo wangu, na hasira yako naielewa maana hata mimi nilikaa nayo muda mrefu. Ila jibu langu ni hapana, wasingeshinda, na wala sio kwa sababu Reaper hafi. Anakufa. Shida ni bei ya kumuua mmoja.

Angalia hao hao uliowataja. Sovereign, meli ya urefu wa kilomita 2, alipigwa na kikosi kizima pale Citadel, kile kituo cha angani kilicho makao ya Baraza linalotawala jamii zote, mwaka 2183 na ngao zake hazikutikisika, mpaka alipojiingiza kwenye maiti ya Saren, kibaraka wake, na Shepard, yule unayemchezea, akaimaliza, ndo ngao zikazimika na meli yake Normandy ikapata pa kupiga. Ile ilikuwa bahati ya mara moja. Wa Rannoch ndo kabisa, yule ni wa daraja la chini, mita 160 tu. Kumbuka ile sehemu ulivyosimama kwa miguu unamuelekezea kile kifaa cha kulenga, unakwepa mwale wake kulia kushoto, unasubiri afungue jicho apige ndo meli za Quarian, jamii yenye asili ya sayari hiyo, zimshindilie kutoka angani, afu anaanguka anainuka tena, mnaanza upya. Meli zote zile kwa mmoja, tena mdogo.

Sasa twende kwenye hesabu, hapa ndo penyewe. Maelezo ya ndani ya gemu la tatu yanasema ngao za Reaper mkubwa zinavumilia manowari kubwa 2 zikimpiga kwa pamoja, zikiwa 3 anaanza kuelemewa, zikifika 4 kwa kawaida ndo anakufa. Gemu la kwanza linatupa idadi ya manowari hizo kwa kila jamii: Turian 37, Asari 21, Salarian 16, binadamu 6. Jumla 80. Yani ukizikusanya zote sehemu moja, ukaacha kila sayari uchi bila ulinzi, unaweza kupambana na Reaper wakubwa 20 kwa wakati mmoja. Wao wapo wangapi? Kila wanaporudi kufyeka wanatengeneza mkubwa mmoja kutoka jamii moja waliyoichagua, na yule Reaper mfu aliyekutwa akielea kule Mnemosyne peke yake ana miaka milioni 37, gawanya kwa 50,000 unapata mizunguko 740, na wapo wa zamani kuliko huyo.

Na huyo mfu ndo anayeninyima usingizi kuliko wote. Kuna watu, hatuwajui hata jina, walitengeneza mzinga mmoja mkubwa sana, risasi ikamtoboa huyo Reaper ikapitiliza ikaenda kuchana sayari ya Klendagon, ule ufa mpaka leo upo. Walimuua kwa risasi moja! Silaha kama hiyo Citadel nzima haikuwa nayo. Na bado walifutika.

Maana vita vya kawaida ni kuchoshana, na hapo Reaper hachoki. Hana laini ya mafuta ya kukata, hana mji mkuu wa kuushambulia, kwa siku anakwenda karibu miaka 30 ya mwanga ambayo meli zetu haziwezi kabisa. Wewe ukipoteza wanajeshi elfu moja umepungukiwa na elfu moja, yeye kesho anawarudisha hao hao wakiwa mashine wanakukimbilia, na viongozi wako waliokaa karibu naye muda mrefu wanatekwa akili wanakushauri usalimu amri.

Turian walijaribu, tena kishujaa. Pale Palaven, sayari yao, waliruka na manowari zao wakatokea katikati ya Reaper na kuangusha kadhaa, baadaye wao na Krogan, jamii ya wapiganaji wa Tuchanka, wakapenyeza mabomu mpaka ndani ya meli za adui. Lakini ukisimama Menae, ule mwezi, ukaangalia juu unaiona sayari yao inawaka vilevile.

Na hiki kizazi ndo kilikuwa na nafasi nzuri kuliko vyote. Kawaida Reaper wanatokea Citadel kwenyewe, wanaua uongozi siku ya kwanza afu wanafunga ile mitambo ya kurusha meli kati ya nyota, kila mfumo unachinjwa peke yake. Safari hii ilishindikana kwa sababu ya wanasayansi kama 12 tu wa Prothean, jamii iliyofyekwa mzunguko uliopita, waliobaki hai kwenye sayari ya Ilos wakaenda kuharibu ishara inayowaita. Baraza likapewa miaka mitatu ya kujiandaa na ikapotea kwa kusema Sovereign ilikuwa meli ya Geth, yani roboti tu. Hiyo ndo inaniuma, sio Crucible.

Kwahiyo kazi ya majeshi ilikuwa kununua muda mtambo ujengwe, na kwa hilo yalifanikiwa. Kama bado huamini, rudia mwisho, pakua ile nyongeza ya Juni 2012 afu pale juu Citadel unapopewa machaguo ya kutumia Crucible, kataa yote, pigana na ulichonacho. Utaona ni sayari tulivu, hamna hata mmoja wa kizazi chako aliyebaki, na picha ya Liara, yule mwenzio wa safari, inaongea yenyewe gizani ikiwaeleza watakaokuja kilichotokea.