Kila mtu na kompyuta yake ndani ya seva? Maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yanafanana. Ofisi imeacha kununua kompyuta za mezani, imeweka seva yenye mashine pepe (kompyuta zinazoundwa kwa programu ndani ya seva moja), na mfanyakazi anafungua Windows yake kwa mbali akiwa na laptopu yoyote aliyonayo. Ugomvi unaanza kwenye kugawa: nani apewe mashine ya peke yake, nani ashirikiane na wenzake.

Fundi, habari za kazi. Tuko 40 kwenye ofisi ya uhasibu, Arusha. Bosi anataka kila mtu awe na mashine yake ya kudumu, mimi nataka za kushirikiana. Nani yuko sahihi?

Muulize bosi: mtu akifunga kazi jioni, ni kitu gani lazima akikute palepale kesho asubuhi? Kama ni faili, barua pepe na mpangilio wa skrini yake, hivyo havidai mashine ya peke yake. Vinakaa kwenye profaili, yaani folda ya mambo ya mtumiaji, na profaili unaweza kuitunza kwenye hifadhi ya pamoja ikamfuata mwenyewe kwenye mashine yoyote atakayoangukia. FSLogix, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018, ndiyo kazi yake: profaili nzima inageuzwa faili moja la diski, linapachikwa mtu anapoingia na kuchomolewa anapotoka.

Mashine ya kudumu ni ya mtu mwenye programu aliyoisakinisha mwenyewe, au yenye leseni iliyofungwa kwenye mashine moja, au mtengeneza programu ambaye mazingira yake ya kazi yanamchukua siku nzima kuyapanga upya.

Halafu piga hesabu mbele yake. Mashine 40 za kudumu, kila moja na diski ya GB 60, ni GB 2,400 kabla hujaweka bakapu. Na bakapu ni lazima, kwa sababu kazi ya mtu iko humo ndani. Za kushirikiana zinasoma nakala mama moja (Windows iliyoandaliwa mara moja kwa ajili ya wote), kila mashine inaandika tofauti zake tu, na tofauti hizo zinafutwa mtu akitoka. Masasisho ya Windows unayaweka mara moja kwenye nakala mama, basi. Zile za kudumu utazisasisha moja moja, na baada ya miezi michache hutakuta mbili zinazofanana: huyu kaongeza programu ya kuchapisha, yule kazima kinga ya virusi kwa sababu “ilikuwa inachelewesha”.

Kwa ofisi yenu, ningewaweka wahasibu karibu wote kwenye kundi la kushirikiana, na wale wachache wenye leseni za mashine moja niwape zao. Mifumo ya kugawa mashine hizi, kama Citrix, Horizon na Azure Virtual Desktop ya Microsoft, yote inakubali aina hizo mbili zikae pamoja. Bosi naye mpe ya kwake ya kudumu. Kuna vita havifai kupiganwa.

Shikamoo. Tulisakinisha Citrix ili watu wazifikie kompyuta zao za ofisini wakiwa nyumbani. Mkurugenzi akiingia anaona yake, lakini katibu muhtasi wake naye anaiona hiyohiyo. Nani kampa?

Marahaba. Kajipa mwenyewe, tena bila kujua.

Kwenye mpango huo wa Citrix, ukishaweka programu yake kwenye kompyuta ya ofisini, mtu anayeingia akiwa amekaa mbele ya kibodi ndiye anayeandikwa kuwa mwenye mashine. Ila mfumo hauishii hapo. Kwa kawaida yake unamwandika na wa pili, na wa tatu. Katibu aliingia siku moja kuchapa barua mkurugenzi akiwa safarini, naye akaingizwa kwenye orodha. Mafundi ndio wahanga wakubwa wa jambo hili. Unaingia kwa akaunti yako kukagua printa, kesho yake una kompyuta za watu sita kwenye ukurasa wako.

Dawa ni mpangilio uitwao AllowMultipleRemotePCAssignments, unaowekwa kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) ya seva inayosimamia mfumo. Ukiupa thamani 0, kila mashine inabaki na mtu mmoja. Lakini haurudi nyuma kufuta walioandikwa tayari, hao mtawaondoa wenyewe kwa mkono. Na kwa kompyuta ya mkurugenzi, msisubiri nani ataingia wa kwanza. Mwandikeni kwa jina kabisa.

Azure Virtual Desktop ina mtego unaokaribiana na huo. Ukichagua ugawaji wa moja kwa moja, mtu anapata mashine siku anapounganisha mara ya kwanza, na inabaki yake hata kama hatairudia tena. Ukijaribu mfumo kwa akaunti yako ya usimamizi, umeshakula mashine moja. Kwa kundi la watu wachache wanaojulikana, gawa kwa majina.

Mfanyakazi ameacha kazi. Mashine yake ya kudumu nimeondoa jina lake nikaandika la mgeni. Kuna tatizo?

Lipo. Kuondoa jina kunabadilisha mwenye ruhusa ya kuingia, hakusafishi diski. Profaili ya aliyeondoka bado imo: nyaraka alizopakua, barua pepe zilizohifadhiwa humo, pengine hata nywila alizoziacha kwenye kivinjari. Mgeni akiwa na haki za usimamizi kwenye mashine yake, na wenye mashine za kudumu wengi wanazo, anaweza kuifungua folda hiyo. Kwa Tanzania hapo mnagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa Kenya ile ya 2019.

Fuata mpangilio huu: fungia akaunti, zima mashine, tunza nakala ya diski kwa muda ambao sera ya ofisi inataka, kisha ifute mashine. Mgeni mtengenezee mpya kutoka nakala mama. Dakika chache tu hizo.

Tumekodi mashine zilizoko Johannesburg, moja kwa kila mtu, lakini kuandika kunachelewa. Tuongeze RAM?

Msiongeze kitu kabla hamjapima. Kila herufi unayobonyeza inasafiri hadi kwenye seva, na picha yake inarudi hadi kwenye skrini yako. Njia ikiwa ndefu au imesongamana, mashine yenye RAM mara mbili itachelewa vilevile. Pimeni muda wa kwenda na kurudi kwa amri ya ping, asubuhi na mchana, kwa waya na kwa Wi-Fi. Mara nyingi mkosaji ni Wi-Fi ya ofisini.

Na muwe na mpango wa dharura. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba, na njia ya kwenda Afrika Kusini ndiyo iliyoumia. Aliyekuwa na seva ndani ya jengo lake aliendelea kuandika.

Windows 365 au Azure Virtual Desktop?

Windows 365, iliyoanza Agosti 2021, ni mashine moja kwa mtu mmoja kwa bei ya mwezi isiyobadilika, aitumie asiitumie. Azure inatoza kwa saa ambazo mashine imewaka, pamoja na diski. Anayeshinda humo kila siku, ya kwanza. Anayeingia mara mbili kwa wiki, ya pili, ili mradi kuwe na mtu au ratiba ya kuzizima.

Sisi hatuna hela ya hayo yote. Nimempa kila mtu kompyuta yake kwa kufungua kwenye ruta milango ya Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuingia kwa mbali: 3389 wa kwanza, 3390 wa pili, hivyohivyo hadi 3396. Inafanya kazi vizuri.

Ifunge leo. Wezi wana programu zinazopita intaneti nzima zikitafuta milango ya namna hiyo, na kubadilisha namba hakuwafichi, maana wanazipima zote. Mei 2019 ulipogundulika udhaifu wa BlueKeep kwenye huduma hiyohiyo, Microsoft ilitoa kiraka (sasisho la kuziba udhaifu) hadi cha Windows XP, mfumo iliokuwa imeshauacha.

Weka VPN, njia ya siri inayomtaka mtu ajithibitishe kabla ya kuufikia mtandao wa ofisi. Au sakinisha Apache Guacamole, programu huria isiyolipiwa: watu wanaingia kwa kivinjari, na wewe unamwandikia kila mmoja muunganisho wa kompyuta yake tu, haoni za wengine. Washa na uthibitisho wa hatua mbili, Guacamole inao. Ukishamaliza, pitia kumbukumbu za kuingia kwenye kompyuta zote nane, uangalie majaribio ya nywila yaliyofeli usiku.