Barua kwa Mwanangu: Risiti ya Mtu Mmoja

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, nami goti linaendelea vizuri. Umeniuliza kwa nini ninamsifu Matsumoto Seichō, yule mwandishi Mjapani wa riwaya za upelelezi, kiasi hiki, ilhali katika ile riwaya yake ya treni niliyokuazima ulikwisha kumshuku muuaji kabla hujafika katikati, na wala hukukosea. Unasema hadithi ya namna hiyo ni kitendawili kilichoteguliwa kabla ya kutegwa.

Ninakuelewa, kwa sababu wewe umelelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, kiko mdomoni, anayekusanya watu mwishoni na kuwafumbulia mambo. Wajapani nao walikuwa na mabingwa wa aina hiyo. Edogawa Ranpo, aliyejitungia jina lake kwa kufuata matamshi ya Edgar Allan Poe, aliwapa mpelelezi Akechi Kogorō na visa vya kutisha. Matsumoto alishika njia nyingine. Hakujali sana kumficha mhalifu. Alitaka msomaji ahangaike na namna uhalifu ulivyotendeka, na zaidi ya hapo, na hali ya maisha iliyomfikisha mtu huyo mahali pa kuua.

Rudi katika riwaya ile ya treni, ufukweni Kashii, karibu na Fukuoka, asubuhi ile maiti mbili zilipoonekana zimelala bega kwa bega. Mwanamume alikuwa ofisa wa wizara iliyokuwa ikichunguzwa kwa rushwa, mwanamke mhudumu wa mgahawa wa Tokyo, na kila mtu aliridhika kwamba ni wapenzi waliokunywa sumu pamoja. Mzee Torigai peke yake, askari wa pale pale mkoani, alikwamia kikaratasi kilichokutwa mfukoni mwa marehemu: risiti ya behewa la chakula, ya mtu mmoja. Akaenda nyumbani akamuuliza binti yake kama angemwacha mchumba wake aende kula peke yake kwa kuwa yeye hana njaa. Binti akajibu kwamba angefuatana naye, hata kama ni kunywa kahawa tu. Kesi nzima imesimama juu ya jibu hilo. Mimi niliyekata tiketi dirishani miaka 31 nimeshika vikaratasi vya namna hiyo hadi vidole vikawa vyeusi, na sikuwahi kufikiri kwamba kimoja chao kinaweza kumsema mtu.

Halafu kuna zile dakika nne. Katika stesheni ya Tokyo ya wakati ule, treni zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu aliyesimama jukwaa namba 13 hakuweza kuliona jukwaa namba 15 siku nzima, ila kuanzia saa kumi na moja na dakika 57 jioni hadi saa kumi na mbili na dakika moja. Katika upenyo huo mashahidi waliwaona marehemu wakiipanda treni ya Asakaze katika jukwaa hilo namba 15, iliyoondoka saa kumi na mbili na nusu. Ni nani aliyewasimamisha mashahidi mahali pale, kwa dakika zile? Swali hilo linaweza kuulizwa tu na mtu aliyeisoma ratiba kama wengine wanavyosoma mashairi.

Nakiri kasoro moja. Inspekta Mihara, mpelelezi wa Tokyo, anachelewa mno kukumbuka kwamba mshukiwa angeweza kusafiri kwa ndege, hata nilimpigia kelele kitandani, mama yako akaamka. Lakini mwaka 1957, hadithi ilipoanza kutoka kwa mfululizo katika jarida la safari, ndege ilikuwa usafiri wa wenye pesa, na nadhani mwandishi alijua msomaji wake wa kawaida hangeifikiria pia.

Kumjua msomaji huyo kunatokana na maisha yake mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1909 katika familia maskini, akakulia Kokura, mji wa kusini mwa Japani, na masomo yake yaliishia shule ya msingi. Alikuwa tarishi, kisha mwanagenzi wa kiwanda cha uchapaji, kisha mchoraji wa matangazo katika tawi la gazeti la Asahi. Vitani alipelekwa Korea kuhudumu upande wa tiba. Aliporudi, mshahara haukutosha, akawa anapanda treni kwenda miji ya mbali kuuza mifagio. Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa akiwa na miaka 41. Ile iliyompa Tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi ya Japani, mwanzoni mwa 1953, haina hata mauaji: kijana mlemavu wa Kokura anatumia maisha yake kukusanya habari za miaka ambayo mwandishi Mori Ōgai aliishi mjini humo, kwa kuwa shajara ya miaka hiyo imepotea. Kijana anakufa, muda mfupi baadaye shajara yenyewe inapatikana. Ninaiona kuwa bora kuliko riwaya zake nyingi nene, ambazo mara nyingine wahusika wake ni wembamba kama tiketi.

Usimwache Matsumoto kabla hujasoma riwaya yake ile iliyotoka katika gazeti la Yomiuri kati ya 1960 na 1961, inayoanza na maiti kwenye reli za yadi ya treni ya Kamata, mjini Tokyo. Mashahidi wa baa walimsikia marehemu akizungumza kwa lafudhi ya kaskazini, Tōhoku, na neno moja tu likawabaki masikioni: Kameda. Mpelelezi Imanishi anasafiri hadi kaskazini na kurudi mikono mitupu. Wewe uliyewahi kumdhania mtu wa Pate kuwa wa Lamu kwa kumsikia akiagiza chai, utaipenda. Mjomba wako atakuletea nakala mwezi ujao. Ukifika pale Imanishi anaporudi Tokyo, funga kitabu kwanza, uniandikie unadhani lafudhi ile ilitoka wapi.

Baba yako