Kompyuta ndogo ya wati chache: kwanza tazama kazi yako ina mapumziko

Naendesha steshenari hapa Moshi, Majengo, na kazi zote za kaunta zinapita kwenye kompyuta ndogo ya mezani inayoenea kiganjani. Wateja wakiiona nyuma ya kioo cha kompyuta (skrini) huuliza kama nao wanunue. Kabla ya kutaja bei wala aina, huwa nawauliza: kazi yako ina mapumziko?

Tazama kazi za steshenari. Unaandika barua ya maombi, unasimama kumuuliza mteja jina la baba. Unaprinti, unasubiri karatasi itoke. Unajaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB au ya kuomba kazi Ajira Portal, unasubiri ukurasa ufunguke. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inakurupuka kwa sekunde mbili tatu, kisha inapumzika. Kwa kazi ya namna hiyo, prosesa kama Intel N100, iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na koa 4 (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) na imepangiwa wati 6 tu, inatosha na kubaki. Siku matokeo ya mitihani ya NECTA yanapotangazwa, mashine ya gharama kubwa na hii yangu zinasubiri tovuti ileile kwa pamoja. Hapo fedha yako iweke kwenye intaneti nzuri.

Sasa chukua kijana anayehariri video za harusi na send-off. Desemba, Wachagga wakirudi nyumbani, ana kazi juu ya kazi, na kila video ikishahaririwa lazima mashine iichakate muda mrefu bila kukata. Gigahezi 3.4 zilizoandikwa kwenye boksi la N100 ni kilele cha kasi yake, si kasi ya kudumu. Koa zote zikibanwa kwa muda mrefu, kasi inashushwa ili mashine isizidi umeme na joto lililopangiwa. Bodaboda inapenya mjini haraka kuliko Fuso, lakini huwezi kuipakia magunia ya mahindi ukapanda nayo Rombo. Kijana huyo namwambia wazi asinunue, hata akipenda umbo lake. Tofautisha tu kuhariri na kutazama: kutazama video haina shida, hata ya 4K, kwa sababu sehemu ya picha ndani ya N100 ina sakiti maalumu za kufungua video za YouTube bila kuisumbua prosesa.

Joto ni jambo la kweli kwetu. Kuna kompyuta ndogo zisizo na feni kabisa, ambazo mwili wake wa chuma ndio unaotoa joto. Napenda ukimya wake, na hazivuti vumbi la barabarani. Lakini Moshi ya Januari na Februari si Arusha. Chumba chenye bati lisilo na dari kinachemka, na mashine isiyo na feni itapunguza kasi mapema. Kwa duka la namna hiyo chukua yenye feni ndogo, iache ipumue pande zote, na uipulize vumbi mara kwa mara.

Umeme ndio ulionifanya niipende. Mashine nzima hutumia wati 10 hivi ukiwa unaandika, na hupita 20 ikikazwa. Kompyuta kubwa ya zamani inaweza kula wati 60 kwa barua ileile. Tofauti ya wati 50, kwa saa 10 za kazi na siku 26 za mwezi, ni uniti 13 za LUKU. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa uone mwenyewe. Na umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) ndogo ya kawaida inakupa muda wa kumalizia fomu ya mteja na kuhifadhi kazi bila kukimbizana. Ila printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hiyo. Hita yake huvuta mamia ya wati kila inapopasha, na UPS itazima vyote kwa pamoja.

Kwa shule au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inayotegemea sola, hesabu ni nzuri zaidi. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, na betri ya risasi ukitaka idumu utumie nusu tu. Kompyuta ndogo na kioo cha wati 20 vitafanya kazi zaidi ya saa 15 hata baada ya inveta kula sehemu yake. Kompyuta kubwa na kioo hichohicho vingeishia saa 6. Nyingi ya hizi ndogo zinatumia adapta ya volti 12, na mafundi wengine huziunganisha moja kwa moja na betri. Usikubali bila kidhibiti volti katikati, kwa sababu betri ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi.

Udhaifu unaonisumbua zaidi kuliko kasi ni ukarabati. Nyingine RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ya GB 8 utakufa nayo. Hata zenye nafasi ya RAM, zile za N100 huwa na nafasi moja tu, maana prosesa yenyewe ina njia moja ya RAM. Bodi ikifa, fundi hana kipuri cha kubahatisha kutoka mashine nyingine kama anavyofanya kwenye kompyuta kubwa. Hakuna pa kuchomeka kadi ya picha. Kioo chako cha zamani chenye VGA kitahitaji kigeuzi, kwa kuwa nyingi zina HDMI tu. Na kwa ukubwa huo inaingia kwenye mkoba wa mtu asiye mwaminifu. Ifunge kwa skrubu nyuma ya kioo, mbali na mkono wa anayesimama kaunta.

Kwa mtu anayehitaji nguvu ya kati, mfano anayetengeneza mabango na kadi huku amefungua vitu vingi, napendekeza zilizotumika maofisini nje: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro au HP EliteDesk Mini. Prosesa zake zenye herufi T mwishoni zimepangiwa wati 35, zina nafasi mbili za RAM ya laptop, na vipuri vyake mafundi wanavifahamu. Angalia kizazi cha prosesa. Core i5-8500T ina koa 6 na inakubaliwa na Windows 11. I5-6500T haipo kwenye orodha ya Microsoft, na Windows 10 ya kawaida iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji akikwambia "ni i5, mangi, zote ni moja," mwombe awashe usome namba yote.

Ukiwa dukani kwa mashine mpya, soma vilevile jina la prosesa kwenye kioo, si kwenye boksi. Celeron N4020 ina koa 2 tu na huuzwa kwenye umbo linalofanana kabisa na la N100. Uliza hifadhi ni SSD inayobadilishwa au ni eMMC iliyochomelewa. Chukua RAM ya GB 16 kama bei inaruhusu, kwa sababu kivinjari chenye kurasa nyingi ndicho kinachozimaliza. Kisha fungua kurasa kumi, cheza video, shika mwili wa mashine baada ya nusu saa usikie joto lake, na hakikisha adapta inayokuja nayo unaweza kupata nyingine ya volti na tundu lilelile hapahapa mjini.